Kuotesha Ua la Usambara kwa Majani

Mada: Uzazi usio wa kijinsia katika mimea

Ua la Usambara huota porini kwenye miamba yenye kivuli na unyevu, katika milima ya Usambara na misitu mingine michache ya Tanzania na Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani, alipeleka mbegu zake Ujerumani. Mwaka 1893 Hermann Wendland akaupa mmea huo jina la Saintpaulia ionantha. Leo huuzwa katika vyungu duniani kote kama violeti ya Afrika, ingawa huku kwetu wengi hawaujui. (Wataalamu sasa wanauweka katika jenasi ya Streptocarpus, ukikutana na jina hilo usibabaike.)

Mjini unafaa barazani, kwenye dirisha lisilopigwa na jua kali, au kati ya mawe ya bustani chini ya miti. Kuuotesha ni rahisi. Kata jani lililokomaa pamoja na kikonyo chake, ukibakiza kikonyo cha sentimita 2 hadi 3. Kichomeke kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, mwagilia kiasi, kisha funika chungu kwa plastiki inayopitisha mwanga na ukiweke kivulini. Mizizi hutokea baada ya wiki 3 hadi 4, na baadaye miche kadhaa huchipua chini ya kikonyo. Maji yakituama, kikonyo huoza. Hapo ndipo wengi hushindwa.

Swali. Mwotesha maua wa Arusha alipata miche 40 kutoka majani ya mmea mmoja wa maua ya zambarau. Yote ilitoa maua ya zambarau. Eleza sababu, na utaje hasara moja ya njia hiyo.

Watahiniwa wengi hujibu, "kwa sababu ni jamii moja." Jibu hilo halina alama, kwani mimea ya jamii moja huweza kuwa na maua ya rangi tofauti. Andika hivi: miche ilitokana na mgawanyiko wa seli wa mitosisi, bila muungano wa gameti, hivyo ina jeni zilezile za mmea mzazi. Hasara: ugonjwa ukiingia, unaweza kuiangamiza yote, kwa kuwa hakuna tofauti za kijenetiki.

Tofauti hizo zimebaki kwenye mimea ya porini. Miti ikikatwa, kivuli huondoka, mwamba hukauka na mmea hufa. Spishi kadhaa tayari zimo hatarini kutoweka. Kwa hiyo using'oe mmea msituni. Omba jani kwa mwenye chungu.

Zoezi. Mwotesha huyohuyo anataka miche yenye maua ya rangi mbalimbali. Je, atumie majani au mbegu? Toa sababu mbili. (Alama 4)