Injini Inapokosa Moto Baada ya Kutengenezwa

Safari hii siwaletei ngeli wala methali. Nataka tusome injini, kwani likizo ya Agosti pikapu ya mjomba, Peugeot 504 kuukuu ya kubebea kabeji kutoka Ol Kalou hadi Nakuru, nusura initoe shuleni.

Mjomba ndiye hunilipia karo. Alikuwa ameuza mtamba ili gasketi ya hedi ibadilishwe. Gari likarudi likitetemeka kama mgonjwa wa malaria, likikohoa kwenye kabureta na kupiga bastola kwenye ekzosi. Watu wa gereji husema "gari inamisi". Mimi nasema injini inakosa moto.

Fundi akachomoa waya za plagi moja moja injini ikinguruma. (Alishika kwa koleo yenye mpini wa plastiki. Usijaribu kwa mkono mtupu, umeme wa koili ni maelfu ya volti!) Akichomoa ya kwanza au ya nne, injini ilitaka kuzima. Ya pili na ya tatu, wapi! Sauti ilikuwa ile ile.

"Silinda mbili zimekufa, tena zimepakana," akasema. "Gasketi imeungua katikati. Tufungue tena." Shilingi 12,000, mjomba akanitazama mimi.

Msimcheke fundi. Gasketi ikiungua kati ya silinda mbili jirani, zote mbili hupoteza mgandamizo kwa pamoja. Lakini nilijiuliza: je, ni mgandamizo umepotea, au ni cheche? Tukazima swichi, tukazungusha krenki polepole kwa spana. Katika mizunguko miwili kila silinda hugandamiza mara moja, basi uzito husikika mara nne. Tulisikia mara nne, zote sawa. Kama gasketi ingekuwa imeungua, mara mbili zingekuwa nyepesi.

Basi tukageukia cheche. Injini hii huwaka kwa mfuatano wa 1-3-4-2. Hapa pana mtego: Peugeot huhesabu silinda kuanzia upande wa flaiwili, karibu na dereva, si kuanzia kwenye radieta. Hata mimi nilianza kuhesabu vibaya, mjomba akanikemea. Tukafungua kifuniko cha distribyuta tuone rota inazunguka upande gani, kisha tukafuata kila waya kwa kidole hadi kwenye plagi yake. Moja, sawa. Baada yake ingefaa kuja tatu. Lo! Waya ilikwenda kwa silinda ya pili, na ile ya pili ikaenda kwa ya tatu.

Katika mfuatano huo, silinda ya 2 na ya 3 zimepishana mzunguko mzima wa krenki. Kila moja ilikuwa ikipata cheche wakati wa kutoa moshi, vali ya kuingiza petroli ikianza kufunguka. Ndiyo sababu ya kikohozi kile cha kabureta. Mgandamizo ulipofika, cheche haikuwapo.

Tukabadilishana waya hizo mbili. Mjomba akawasha. Injini ikatulia tuli, ungeweza kuweka kikombe cha chai juu yake. Fundi alinyamaza kidogo, kisha akacheka, akakataa hata pesa ya soda.

Siku hizi waya hizo zina vitone vya rangi ya kucha ya mke wa mjomba: kimoja, viwili, vitatu, vinne.