Goti Jipya: Somo Lianze Kabla ya Siku ya Upasuaji

Kwenye vilima vya Mbooni na Kilungu, na vilevile Mutitu katika Kaunti ya Kitui, magoti hufanya kazi nzito tangu utotoni. Mtu hupanda na kushuka mteremko, huchimba matuta, hubeba mtungi wa lita 20 mgongoni kwa ukanda uliopita kichwani, na huchuchumaa jikoni na chooni. Wazee wengi huvumilia maumivu kwa miaka, wakitumia vidonge na kukandwa kwa mafuta, hadi daktari anapowaambia kwamba gegedu, yaani lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, limekwisha na kilichobaki ni kubadilishwa goti.

Upasuaji huo unahitaji vifaa na wataalamu maalumu. Miongoni mwa hospitali zinazoufanya ni Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, ile ya PCEA Kikuyu na ile ya AIC Kijabe. Kwa mkazi wa Mwingi au Mtito Andei hiyo ni safari ndefu, na kliniki anayoikuta huko huwa imejaa watu. Daktari humweleza kwa haraka, naye huitikia kwa kichwa. Maelezo mengine huyapata wodini baada ya upasuaji, wakati ana maumivu, amelegezwa na dawa, na binti atakayemtunza hayuko pale kusikia. Kwa mzee anayeongea Kikamba tu, hata hayo machache hupotea njiani.

Matokeo yake huonekana nyumbani. Mgonjwa akiamini kwamba kupumzika ndiyo dawa, hulala akiwa amenyoosha mguu tu au ameuegemeza palepale unapomstarehesha. Wiki sita zikipita bila mazoezi, makovu ya ndani hukaza, na goti lililogharimu pesa nyingi huwa gumu kuliko lile la zamani. Wengine hulazimika kurudishwa chumba cha upasuaji ili goti likunjwe chini ya dawa ya usingizi.

Kinachobadilishwa hasa

Maneno "kubadilishwa goti" huwatisha wengi. Kuna anayedhani mguu utakatwa na kuunganishwa tena. Kinachofanyika ni kwamba daktari huondoa tabaka jembamba la mfupa uliolika kwenye ncha ya mfupa wa paja na ya muundi, akazifunika ncha hizo kwa chuma, kisha akaweka katikati plastiki ngumu inayoteleza mahali pa gegedu. Kano za pembeni, misuli na ngozi hubaki zake mwenyewe. Mara nyingi mgonjwa hudungwa sindano ya ganzi mgongoni, asihisi kitu kuanzia kiunoni kwenda chini, na dawa ikiisha nguvu miguu hurudi kuwa na hisia.

Goti hilo hudumu. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la The Lancet ulikadiria kwamba magoti bandia 82 kati ya 100 hufikisha miaka 25. Hata hivyo, tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba karibu mgonjwa mmoja kati ya watano haridhiki na goti lake jipya, na mara nyingi picha ya eksirei haina kasoro yoyote. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo iko katika matarajio. Mgonjwa alitarajia goti la ujana, akapewa goti lisilouma anapotembea. Hakuambiwa kwamba litabaki na uvimbe na joto kwa miezi kadhaa, kwamba kando ya kovu patakuwa na ganzi, kwamba litaalika kidogo anapotembea, na kwamba huenda asiweze tena kuchuchumaa. Aliyeambiwa mapema huona mambo hayo na kuendelea na mazoezi, lakini asiyeambiwa hudhani upasuaji umeharibika, akaacha.

Lakini si kila mafunzo yanafaa. Mwaka 2014 shirika la Cochrane lilichapisha mapitio ya majaribio 18 ya kuwafundisha wagonjwa kabla ya kubadilishwa nyonga au goti. Hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba mafunzo peke yake hupunguza maumivu au huharakisha kutembea kuliko huduma ya kawaida. Kilichoonekana ni kwamba yanaweza kuwafaa zaidi wenye hofu nyingi au matarajio yasiyo ya kweli, hasa yakipangwa kulingana na hali ya kila mmoja. Kumkabidhi mama wa Kyuso kijitabu cha Kiingereza, basi, si kumfundisha. Somo linalomfaa ni lile linalouliza choo chake kikoje, nani atamchotea maji, na kutoka barabarani hadi mlangoni pake kuna mteremko kiasi gani.

Nyumba itazamwe kwanza

Choo ndilo swali la kwanza, ingawa wengi huona haya kulitaja mbele ya daktari. Ili mtu aketi kwenye kiti na kuinuka vizuri anahitaji goti linalokunjika angalau digrii 90. Kuchuchumaa kwenye choo cha shimo kunahitaji zaidi ya hapo, na katika wiki za mwanzo haiwezekani kabisa. Familia inaweza kumpa fundi kiti imara cha mbao akitoboe katikati na kukiweka juu ya shimo, chenye mahali pa kushika pande zote mbili. Kiti cha plastiki chepesi huteleza na kupinduka, kwa hiyo kisitumike. Kazi hii ifanyike kabla mgonjwa hajaondoka nyumbani, naye akijaribu kukalia akiwa bado na goti lake la zamani.

Kitanda kiwe cha urefu unaomwezesha kukaa miguu ikigusa sakafu. Kigoda cha jikoni kiwekwe kando na badala yake kiwepo kiti kirefu chenye mikono. Mikeka, nyaya na mbuzi waliozoea kulala barazani waondolewe njiani. Kama choo kiko mbali, usiku kuwe na ndoo yenye kifuniko chumbani na taa karibu. Anayezoea kupiga magoti kanisani amweleze mchungaji au padri mapema kwamba ataomba akiwa ameketi. Kupiga magoti hakuvunji goti bandia, ila wengi huliona jambo lisilopendeza kwa sababu ya ile ganzi na uchungu wa kovu.

Mazoezi yaanze kabla ya kisu

Msuli wa paja ndio unaolishikilia goti, na mtu aliyeumwa kwa miaka huwa tayari ameudhoofisha. Wiki nne hadi sita kabla ya upasuaji, mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali iliyo karibu anaweza kumwonyesha mazoezi rahisi yasiyohitaji chombo. Alale chali, akaze msuli wa paja kana kwamba anasukuma goti lizame kitandani, ahesabu hadi tano, aachilie. Anyanyue mguu mzima ukiwa umenyooka, kiasi cha shubiri moja au mbili. Avute kisigino polepole kuelekea makalio, kisha akirudishe. Achezeshe kifundo cha mguu juu na chini, zoezi ambalo baada ya upasuaji husaidia damu isigande kwenye mishipa ya mguu.

Jambo linalosahaulika zaidi ni kujifunza kutembelea magongo au fremu kabla. Kujifunza magongo siku ya pili baada ya upasuaji, goti likiuma na kichwa kikizunguka, ni kazi ngumu. Ajizoeze nyumbani, na kama kuna ngazi au mwinuko akumbuke kwamba mguu mzima hutangulia kupanda, na ule uliopasuliwa hutangulia kushuka. Mtunzaji, awe binti, mjukuu au jirani, awepo katika kila somo, kwa sababu ndiye atakayekumbusha mgonjwa akichoka.

Katika kipindi hicho hicho mwili usafishwe dhidi ya maambukizi. Jino lililooza, kidonda cha mguuni, funza na maumivu ya mkojo vyote vitibiwe, kwa kuwa vijidudu vinaweza kusafiri kwa damu hadi kwenye chuma. Wenye kisukari na shinikizo la damu wafuatiliwe kwa karibu. Wahamasishaji wa afya ya jamii, waliozinduliwa kote nchini Septemba 2023 wakiwa na mikoba ya vipimo, wanaweza kupima vyote viwili mlangoni pa mgonjwa. Mvutaji aache sigara na ugoro angalau mwezi mmoja kabla. Daktari aambiwe dawa zote zinazotumiwa, za mitishamba pia, kwa maana baadhi huzuia damu kuganda.

Msimu na mfuko

Tarehe ya upasuaji mara nyingi hupangwa na hospitali, lakini mgonjwa ana haki ya kuuliza. Katika Kitui na Makueni mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo zinazotegemewa zaidi kwa mavuno. Aliyepasuliwa mwishoni mwa Septemba hatapanda ndengu wala mahindi mwaka huo, na akijilazimisha kuinama shambani wiki ya tano atajiumiza. Wengi huweza kufanya shughuli za kawaida baada ya miezi mitatu hivi, na goti huendelea kuimarika hadi mwaka. Kwa hiyo Februari, mavuno yakishaingia ghalani, au Juni, mwanzo wa kiangazi, huwa nyakati bora. Kiangazi nacho kina shida yake. Maji huwa mbali na foleni kwenye visima vya mchanga huwa ndefu, hivyo lazima ijulikane mapema ni nani atakayeenda mtoni na punda.

Kuhusu malipo, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilianza kazi tarehe 1 Oktoba 2024 badala ya NHIF. Kwa wasio na mshahara mchango wa chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na hulipwa kwa mwaka. Kujisajili pekee hakutoshi. Mgonjwa aulize hospitali, kabla ya kupanga tarehe, SHA italipa kiasi gani, goti lenyewe la chuma limo au halimo, na kiasi gani familia italazimika kuchanga. Ni afadhali kujua hayo kabla ya kuitisha harambee kuliko kuyajua dirishani pa malipo.

Usiku wa mwisho na siku za kwanza

Hospitali itataja saa ya kuacha kula. Kosa la kawaida katika makwao yetu ni kunywa chai alfajiri mtu akidhani chai si chakula. Chai ya maziwa huhesabiwa kama chakula, na inaweza kufanya upasuaji uahirishwe baada ya safari yote hiyo. Nywele za gotini zisinyolewe nyumbani kwa wembe, kwa sababu mikwaruzo midogo hufungulia vijidudu mlango.

Mgonjwa asishangae akiambiwa asimame siku ileile au kesho yake. Kuna familia ambazo zimedhani wauguzi hawana huruma. Kusimama mapema hupunguza hatari ya damu kuganda na ya kichomi. Dawa ya maumivu imezwe kabla ya mazoezi, si baada ya kushindwa kuyafanya.

Halafu kuna jambo la mto. Karibu kila anayempenda mgonjwa humwekea mto chini ya goti, kwa kuwa hapo ndipo anapopata nafuu. Goti likikaa hivyo siku nyingi hukataa kunyooka, na mtu akabaki akichechemea. Mto uwekwe chini ya kisigino, goti likining'inia bila kuegemea kitu, hata kama ni kwa dakika chache mara kadhaa kwa siku. Pasipo na barafu, kitambaa kilicholoweshwa maji baridi ya mtungi na kufungwa ndani ya mfuko wa plastiki hutosha kutuliza uvimbe, mradi kidonda kisilowe.

Safari ya kurudi ipangwe pia. Probox iliyojaza abiria haifai. Mgonjwa akae kiti cha mbele kilichosukumwa nyuma, gari lisimame kila baada ya saa moja hivi, naye ashuke na kutembea hatua chache. Dawa ya kuzuia damu kuganda aliyopewa aimalize yote.

Mtunzaji akiona ndama ya mguu imevimba na kuuma, asiikande kwa mafuta wala maji moto, bali ampeleke hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo kwa homa, kidonda kinachotoa usaha au kinachoendelea kuvuja. Maumivu ya kifua au kupumua kwa shida ni dharura ya wakati huohuo, hata kama ni usiku.

Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14 hivi, na si lazima mgonjwa arudi Nairobi au Kiambu kwa kazi hiyo. Kabla ya kuruhusiwa kutoka wodini aombe barua inayoeleza upasuaji uliofanywa, siku ya kutoa nyuzi, na mazoezi anayopaswa kuendelea nayo, aipeleke kwa idara ya fiziotherapia ya hospitali iliyo karibu naye katika wiki ya kwanza ya kufika nyumbani.