Pa, Ku, Mu: Picha za Wasafiri na Mahali Zilipopigwa

Kila mwanafunzi wa lugha za Kibantu hukutana mapema na ngeli tatu za mahali: PA, KU na MU. Tunazikariri kwa ajili ya mtihani, kisha tunaziacha. Katika makala haya ninataka kuzipa kazi nyingine, yaani kusoma picha zilizopigwa na wasafiri, hasa zile za Katanga yetu. Hoja yangu ni moja. Picha ya msafiri hujibu kwa urahisi swali la KU, na hujibu swali la PA ikiwa mpigaji alikuwa makini. Swali la MU haiwezi kulijibu peke yake. Jibu lake hutoka katika maneno ya watu wa mahali hapo, na sisi tunaosoma lugha tuna wajibu wa kuyakusanya.

Ngeli zenyewe

Katika Kiswahili sanifu, nomino yenye kiambishi -ni inaweza kuchukua upatanisho wa aina tatu. Tunasema: nyumbani pake pamefagiliwa, nyumbani kwake kuko mbali, nyumbani mwake mna wageni. Nyumba ni ile ile, ila msemaji amebadilisha namna ya kuitazama. PA inaonyesha mahali dhahiri panapoweza kuonyeshwa kwa kidole. KU inaonyesha upande au eneo pana lisilo na mipaka wazi. MU inaonyesha ndani.

Kiswahili cha Lubumbashi hakitumii sana -ni. Sisi husema pa nyumba, ku nyumba, mu nyumba, kama vile Kibemba na Kiluba vinavyotanguliza pa, ku na mu. Wapo wanaoona huo ni upungufu wa Kiswahili chetu. Mimi naona kwamba umbo hili linaweka tofauti ya ngeli mwanzoni kabisa, kabla hata nomino haijatajwa. Msemaji wa Lubumbashi hawezi kutaja fasi, yaani mahali, bila kwanza kuamua kama anapaonyesha, anakuelekea au yumo ndani. Uamuzi huo ndio ninaotaka kuudai kwa kila picha.

PA bila MU: msafara wa Lemaire

Kati ya 1898 na 1900, afisa wa Kibelgiji Charles Lemaire aliongoza msafara wa kisayansi katika Katanga. Alifuatana na mpiga picha François Michel na mchoraji Léon Dardenne. Mojawapo ya kazi kubwa za msafara huo ilikuwa kupima, kwa kutazama nyota, mahali hasa vilipo vijiji, mito na milima, ili ramani ichorwe kwa usahihi. Lubumbashi kama mji haikuwapo bado: Élisabethville ilianzishwa 1910, mwaka ambao reli kutoka kusini iliwasili, na jina la Lubumbashi likawekwa 1966.

Kwa mtazamo wa ngeli, kazi ya Lemaire ni ya PA kwa kiwango cha juu. Wachache katika zama hizo waliweza kuonyesha kwa usahihi kama wake mahali waliposimama. Hata hivyo, usahihi wa vipimo hautuingizi ndani. Katanga ya miaka ile ilikuwa imetoka katika msiba. Mfalme Msiri wa Garenganze aliuawa Desemba 1891, na dola yake ikasambaratika. Watu waliosimama mbele ya kamera ya Michel miaka michache baadaye walikuwa wameyaona hayo, au walikuwa watoto wa walioyaona. Namba za longitudo na latitudo haziwezi kutuambia chochote juu ya hilo. Zinatuonyesha palipopigwa picha. Hazisemi mlikuwa na nini humo.

KU peke yake: postikadi

Aina ya pili ni picha ya KU. Casimir Zagourski, mwenye asili ya Kipolandi aliyekuwa afisa wa jeshi la anga la Urusi, alifika Léopoldville mwaka 1924 na kufungua studio. Alisafiri sana, akatoa mfululizo mkubwa wa postikadi chini ya jina la Kifaransa lenye maana ya «Afrika inayotoweka». Ni picha nzuri, zenye mwanga uliochaguliwa kwa ustadi. Lakini jina la mfululizo tayari limekata shauri kwa niaba ya waliomo: wao ni wa kule, kwenye kitu kiitwacho Afrika, na wako njiani kutoweka. Maandishi ya postikadi za zama hizo kwa kawaida yalitaja kabila au «aina» ya watu. Jina la mtu mwenyewe lilikuwa nadra.

Hapa sarufi ya Kiswahili inatoa ushahidi mwingine. Wageni huvutiwa na kitenzi kupiga picha, wakidhani kwamba kwetu picha ni pigo. Sivyo, tunapiga pia simu, pasi na hodi, na matamshi ya Lubumbashi, kupika foto, hayana uhusiano wowote na jiko. La kuvutia zaidi ni kiima chake. Bibi harusi akienda studio, tunaweza kusema amepiga picha, ingawa kamera imeshikwa na mtu mwingine. Yeye ndiye aliyetaka, akavaa na akasimama atakavyo. Lakini mtu aliyekuwa akipita njiani husema nilipigwa picha. Tofauti ya kutenda na kutendwa hapa haihusu kidole kilichobonyeza kamera. Inahusu mwenye shauri. Postikadi nyingi za wasafiri ni za watu waliopigwa, siyo waliopiga.

Lubumbashi nayo ina picha yake ya KU. Ni bomba la moshi la Gécamines pamoja na kilima cheusi cha mabaki ya shaba, tunachokiita terili. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa 1906, na shaba ya kwanza ikayeyushwa hapa 1911. Tangu hapo bomba limekuwa alama ya mji. Mgeni akituma picha hiyo, anayeipokea anajua mara moja: ni kule Lubumbashi. Kwa kazi ya utambulisho, picha hiyo inatosha. Haisemi, kwa mfano, kwamba katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, kisha uzalishaji ukaporomoka miaka ya 1990, wala kwamba katika mpango wa mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka kazini kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Neno «hiari» ni jina tu la mpango huo. Ili ujue lilikuwa na maana gani, lazima uulize mu nyumba za kambi za wafanyakazi.

Maneno yanapoleta MU

Picha moja ya zamani inaonyesha wazi jinsi maneno yanavyoleta MU. Mei 1904, huko Baringa katika Équateur, mmisionari Mwingereza Alice Seeley Harris alimpiga picha mwanamume aliyeketi ukingoni mwa baraza, akitazama vitu viwili vidogo mbele yake. Ukiiona kwa mbali, bila maelezo, unaweza kupita. Maelezo yanasema huyu ni Nsala wa Wala, na mbele yake ni mkono na mguu wa binti yake, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Picha hiyo ilionyeshwa katika mikutano ya hadhara Ulaya na Marekani, ikasaidia kampeni dhidi ya utawala wa Leopold II. Nguvu yake ilitoka katika jina la mtu, jina la kijiji na maelezo ya tukio. Nsala mwenyewe alikuja na ushahidi wake na akausema. Mpiga picha alisikiliza kwanza.

Tuje karibu na kwetu. Kituo cha treni cha Likasi ni mahali ambapo msafiri anaweza kupapiga picha leo na kuandika chini yake tu «kituo cha zamani cha reli». PA imejibiwa. Lakini mwaka 1992 na 1993, wakati watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Katanga, maelfu waliishi kituoni hapo na pembeni yake wakisubiri treni ya kuwaondoa. Wengine walifia hapo. Wengi walikuwa wamezaliwa Katanga na hawakuwahi kuiona Kasai. Haya yametokea katika umri wa wazazi wetu. Picha isiyo na maneno hayo haidanganyi, ila inamwacha mtazamaji nje.

Mfano wa mwisho ni mdogo, wa mtaani kwangu Hewa Bora. Mgeni aliyetutembelea kutoka Kinshasa alipiga picha ya barabara yetu ya vumbi, kisha akaiandikia kwa Kifaransa: Lubumbashi, wakati wa kiangazi. Nilimwonyesha mama mmoja jirani, nikamwomba aniambie anachokiona. Alisema sentensi tatu:

Kule njo ku kwetu.

Pale pa muti banauzishaka makala.

Mule mu nyumba ya mwisho mulikuwaka mwalimu, njo alitufundishaka kusoma.

Kwa sanifu: kule ndiko kwetu; pale penye mti huwa wanauza mkaa; mle katika nyumba ya mwisho mlikuwa na mwalimu, ndiye aliyekuwa akitufundisha kusoma. Mfano mmoja hauwezi kuthibitisha kanuni, na sidai hivyo. Tazameni tu jinsi msemaji alivyosafiri kutoka KU, akapita PA, akaingia MU, na alipofika MU akabadilisha wakati: kutoka kwa yanayotendeka kila siku hadi yaliyokuwapo. Katika picha kuna ukuta na mlango uliofungwa. Mwalimu hayumo, na asingekuwemo hata kama kamera ingekuwa bora mara kumi. Yumo katika kitenzi mulikuwaka.

Waliokwisha kuanza

Wapo watu wa mji huu walioifanya kazi hii kabla yetu. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili cha hapa historia ya Élisabethville kama walivyoijua watumishi wa nyumbani wa Wazungu, yaani watu waliokuwa ndani kwa maana halisi. Johannes Fabian aliichapisha mwaka 1990. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alimchorea Fabian picha zaidi ya 100 za historia ya nchi katika miaka ya 1973 na 1974, na mazungumzo yao juu ya kila picha yalifanyika kwa Kiswahili. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo, cha 1996, kinaweka picha na maneno pamoja, kwa sababu Tshibumba alijiona mwanahistoria na hakuzitoa picha zake bila masimulizi.

Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, alipita njia nyingine. Katika mfululizo wake Mémoire wa 2006, alichukua picha za kumbukumbu za wafanyakazi wa enzi za Union Minière, akawakata na kuwasimamisha ndani ya picha za rangi alizopiga mwenyewe kwenye viwanda vilivyoachwa. Mwaka 2011 huko Tervuren, akishirikiana na mwandishi Patrick Mudekereza, alirudi kwenye msafara wa Lemaire, akaziunganisha picha za Michel na michoro ya rangi ya maji ya Dardenne. Amerudisha watu ndani. Bado, tukiwauliza watu hao majina yao, mara nyingi hatupati jibu, maana hakuna aliyeyaandika wakati walipokuwa hai.

Kazi iliyobaki

Hapa ndipo idara zetu za lugha zinapohusika. Mpiga picha ana kamera, mwanahistoria ana hifadhi ya nyaraka, sisi tuna mbinu ya kurekodi usemi na kuuandika bila kuusahihisha. Napendekeza zoezi ambalo mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kulifanya. Chukua picha moja ya mahali unapopajua: postikadi ya zamani, picha ya mgeni, au iliyo ndani ya simu yako. Iandikie kwanza maelezo yako mwenyewe. Kisha mwonyeshe mtu mzima wa mahali hapo na umwombe aieleze kwa lugha anayoizoea, bila kumwongoza. Rekodi kwa ruhusa yake. Andika usemi wake kama alivyousema, mulikuwaka ibaki mulikuwaka. Pigia mstari kila pa, ku na mu, na uangalie wakati wa kitenzi kinachofuata. Mwisho linganisha na maelezo yako.

Ubora wa maelezo utaonekana hapo. Yakiwa na KU tu, ni ya msafiri, hata kama aliyeyaandika amezaliwa hapa; kuzaliwa mahali hakumzuii mtu kupaangalia kama mgeni. Yakifika MU, yaandikwe upande wa pili wa picha, kwa Kiswahili, pamoja na jina la msemaji ikiwa ameridhia.

Haraka ipo. Waliofanya kazi Union Minière kabla ya 1967 sasa ni wazee sana, na walio hai wanapungua kila mwaka. Picha zao zinatunzwa vizuri Brussels na Tervuren, katika makasha yenye namba. Maneno ya kuandika chini yake yako hapa, ku Lubumbashi, mu vinywa vya watu tunaokutana nao tukienda chuoni.