Weka na ya Kutolea

Msimu wa machungwa ukifika Muheza, fedha huingia mjini kwa simu. Mkulima aliyeuza machungwa yakiwa bado mtini anakuja dukani kununua mabati, anachomoa simu na kuuliza: "Mama, nakutumia namba gani?" Mama mwenye duka, macho yakiwa kwenye daftari, anajibu: "Hiyo ya ukutani, ila weka na ya kutolea."

Nimemsaidia mama huyo kufunga hesabu kwa miaka mitatu, na mwaka wa kwanza sote tuliamini kwamba maneno hayo hayamgharimu kitu, kwa kuwa anayelipa makato ya kutoa fedha kwa wakala ni mteja. Siku moja fundi alichagua misumari, bawaba na makopo mawili ya rangi. Aliposikia habari ya kutolea, akaviacha juu ya kaunta na kuvuka barabara. Duka la ng'ambo lilikuwa na Lipa Namba, namba ya biashara ambayo mteja hulipia bila kuongeza ya kutolea.

Jioni hiyo tulikaa na daftari.

Makato ya kutoa hupangwa kwa madaraja. Kutoa shilingi 20,000 mara tano kunakula zaidi kuliko kutoa 100,000 mara moja, na mama alikuwa akienda kwa wakala kila jioni, kwa mazoea tu ya kutaka kuishika fedha yake mkononi. Kesho yake asubuhi noti zilezile zilirudi kwa wakala kulipia mzigo. Julai 2021, serikali ilipoanza kutoza tozo ya miamala, watu wengi walilalamika, na Septemba mwaka huohuo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Lakini safari za kila jioni hakuna aliyemlazimisha mama kuzifanya.

Akafungua Lipa Namba kwa jina la biashara. Kisha tukapita kwa kila mtu ambaye mama humlipa, tukiuliza swali moja: unapokea kwa simu au benki? Msambazaji wa saruji anapokea. Umeme wa LUKU unanunuliwa kwa simu. Kodi ya TRA na ushuru wa halmashauri hulipwa kwa kumbukumbu namba. Waliobaki kutaka noti ni vibarua wanaoshusha mzigo na wenye mikokoteni. Ukutani, badala ya kubandika namba ya kila mtandao, panatosha alama moja ya TANQR, kwa sababu mfumo wa TIPS wa Benki Kuu ya Tanzania unaunganisha benki na mitandao ya simu.

Kadi ni habari nyingine, na inawahusu zaidi wenye nyumba za wageni kwenye njia ya kupanda Amani. Mgeni aliyekuja kutazama ndege wa msitu wa Usambara Mashariki anatoa Visa au Mastercard. Makato yake hugawanywa na watatu: benki iliyotoa kadi, kampuni ya kadi, na benki yenye mashine. Tuseme jumla ni asilimia 3. Kwenye bili ya 200,000 zinaondoka 6,000, na kama faida ilikuwa 30,000, sehemu moja ya tano imekwenda. Wengi huitazama ile asilimia 3 wakaiona ndogo. Ipimeni kwa faida, msiipime kwa mauzo.

Umoja wa Ulaya uliona uzito huo, na mwaka 2015 ukaweka kikomo kwenye fungu la benki iliyotoa kadi: asilimia 0.2 kwa kadi ya debiti na 0.3 kwa kadi ya mkopo. Huku kwetu, nenda kwa meneja wa benki ukiwa na taarifa ya mauzo ya miezi sita. Muulize kiwango cha kadi za ndani na cha kadi za nje, maana mara nyingi hutofautiana. Muulize pia kama mashine ina kodi ya mwezi hata msimu wa mvua wageni wanapokosekana. Halafu nenda benki ya pili na maswali hayohayo kabla ya kutia saini. Makundi yanayoweka nafasi mapema yaombwe kutuma malipo ya awali moja kwa moja kwenye akaunti, ila kwanza linganisha ada ya uhamisho kutoka nje, kwani kwa kiasi kidogo inaweza kuzidi ya kadi.

Dukani Muheza, safu ya "kutoa" bado ipo kwenye daftari la mama. Wiki iliyopita ilikuwa na tarakimu siku mbili tu, Jumatano na Jumamosi, siku anazowalipa vibarua.