Watoto wanawinda beji, hawasomi



Nafundisha Gredi ya 4 huku Kaikor, Turkana. Tuna vishikwambi kumi na viwili vinavyochajiwa kwa sola, vyenye programu isiyohitaji intaneti. Mtoto akimaliza zoezi, beji inatokea kwenye skrini. Nilibandika jedwali ukutani lenye majina na idadi ya beji za kila mmoja. Wiki za mwanzo nilifurahi sana, kwa sababu nilikuwa nikifika asubuhi nawakuta wananisubiri mlangoni.

Sasa mambo yameharibika. Wanarudia mazoezi mepesi waliyokwisha kuyajua ili beji ziongezeke. Wavulana wawili wanawafanyia wenzao mazoezi, nao wanalipwa githeri ya mchana. Kuna mvulana aliyekuwa malishoni na mifugo ya baba yake. Aliporudi alilitazama jedwali, akaenda kuketi nyuma, na tangu siku hiyo hagusi kishikwambi. Tena kuna msichana anayesoma hadithi peke yake kila akipata nafasi, lakini hana beji hata moja kwa kuwa hadithi hazina beji. Mwalimu mkuu anataka tuongeze zawadi ya kalamu kwa mshindi wa kila wiki. Mimi nataka kuzima kila kitu. Nifanyeje?

Mwalimu wa Gredi ya 4, Kaikor

JIBU

Mwalimu mwenzangu, usizime kitu. Bandua jedwali. Libandue kesho asubuhi kabla watoto hawajafika, na wakiuliza liko wapi, waambie umeliondoa kwa sababu lilikuwa linapima kitu ambacho wewe hukitafuti.

Watoto wako hawajaharibika. Walitazama ukutani, wakaona kinachohesabiwa ni idadi, wakatafuta njia fupi ya kuifikia. Hata hao wawili wa githeri usiwaadhibu. Zungumza nao faraghani, na uhakikishe kila mtoto amekula chakula chake mwenyewe, kwa maana kwa wengine huko kwenu hicho ndicho chakula cha uhakika cha siku nzima. Biashara yao itakufa yenyewe beji zikiacha kuwa kitu cha kurundika.

Uliloliona limewahi kupimwa. Mwaka 1973 wanasaikolojia watatu wa Marekani, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, waliwachukua watoto wa chekechea waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi la kwanza liliahidiwa cheti chenye nyota na utepe endapo watachora. La pili lilipewa cheti kile kile bila kuahidiwa, na la tatu halikupewa chochote. Siku zilipopita, kalamu zikarudishwa darasani, mtu achore akitaka. Walioahidiwa cheti walichora kwa takriban nusu ya muda waliotumia wenzao. Waliopata cheti kwa kushtukizwa hawakupoteza hamu. Kwa hiyo kosa halimo kwenye cheti. Ubaya unaanza pale mtoto anapoambiwa mapema kwamba anafanya kazi ili alipwe, kwani kazi aliyoipenda jana inageuka kibarua.

Najua kuna watakaokwambia kwamba mtoto wa Gredi ya 4 hawezi kujiongoza mwenyewe bila zawadi. Waambie habari za Tanga. Katika mashindano ya Global Learning XPRIZE, watoto karibu 3,000 katika vijiji karibu 170 vya mkoa huo wa Tanzania walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili, na vituo vya sola vya kuchajia. Wengi wao hawakuwa wamewahi kwenda shule. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu, na mwezi Mei 2019 zawadi ikagawanywa kati ya onebillion na Kitkit School, timu mbili ambazo programu zao zinamwacha mtoto aende kwa mwendo wake. Mimi habari hiyo inanipa moyo sana, ila siisomi nusu. Kuna watoto waliobaki bila kusoma, na hao ndio wanaomhitaji mtu kama wewe.

Sasa tuzungumzie beji yenyewe, maana naona imekosewa tangu ilipotengenezwa kwenye programu yako. Maskauti, waliopo Kenya tangu 1910, huzipata kwa utaratibu mwingine. Skauti huchagua mwenyewe anataka beji gani, hujizoeza, kisha husimama mbele ya mtu anayeijua kazi hiyo na kuifanya aonekane. Shirika la Mozilla lilipoanzisha mpango wake wa beji huria za kidijitali mwaka 2011, lilitaka kila beji ibebe ndani yake jina la aliyeitoa, kazi iliyofanywa na ushahidi wa kazi hiyo. Yako haibebi chochote kati ya hivyo. Inasema tu kwamba kidole fulani kilifika mwisho wa zoezi fulani.

Igeuze. Jumatatu, kila mtoto aandike nyuma ya daftari jambo moja analotaka kuliweza. Wasiojua la kuchagua wape matatu wachague, usiwape kumi. Mmoja ataandika kugawanya kwa tarakimu moja, mwingine kusoma ukurasa mzima bila kukwama. Kisha waende kwenye vishikwambi wawili wawili, wakibadilishana, wakatafute mazoezi yatakayowafikisha huko. Mtoto akiona yuko tayari, aje kwako, akiweke kishikwambi chini, nawe umwambie neno moja: nionyeshe. Akiweza ubaoni au kitabuni, beji ni yake. Asipoweza, hajapoteza kitu, arudi akajaribu tena.

Na hapo kishikwambi kitakufaa kuliko beji zote zilizomo ndani yake. Kina kinasa sauti na kamera. Mrekodi mtoto akisoma aya moja leo, uhifadhi kwenye faili yenye jina lake. Mrekodi tena aya ile ile mwisho wa mwezi, halafu mkalishe kando azisikilize zote mbili. Atajisikia akikwama kwenye silabi, akirudia neno, akipumua katikati ya sentensi, kisha atajisikia akipita pale pale bila kusita. Hakuna haja ya kumwambia ameendelea. Ushahidi huo ndio uuite beji: sauti yake, tarehe, jambo aliloliweza na jina la aliyeshuhudia. Kama programu haikuruhusu kutengeneza beji zako, kata kadibodi, andika, piga muhuri wa shule, na ile sauti ibaki kwenye kishikwambi. Siku ambayo mawingu yatanyima sola nguvu, kadibodi itaendelea kusomeka.

Mara moja moja mpe mtoto beji asiyoitarajia, kwa jambo uliloliona mwenyewe: aliyemwelekeza mwenzake bila kumfanyia, au aliyeacha zoezi jepesi akaenda kwenye gumu. Usitangaze kwamba zipo.

Usiache pia kuiangalia ripoti ya mwalimu. Programu nyingi zinazofanya kazi bila intaneti, kama Kolibri, humpa mtoto pointi lakini humwonyesha mwalimu nani amekwama wapi. Huko Kakuma, shule za kambi ya wakimbizi zilizo kwenye mradi wa Instant Network Schools wa Vodafone Foundation na UNHCR zimetumia vishikwambi kwa miaka mingi, tena darasani mwenye watoto wengi kuliko wako. Tafuta mwalimu mmoja wa kule muwe mnaulizana.

Mvulana wa malishoni ndiye aliyenikaa moyoni zaidi. Kwenye jedwali lako, muda aliokaa na mifugo uliandikwa sifuri, naye akausoma hivyo. Anza naye upya kutoka kwenye kitu anachokijua. Mtoto aliyechunga huwatambua mbuzi mmoja mmoja kwa rangi, mabaka na pembe, na huona mara moja nani hakurudi jioni. Mpe atengeneze jedwali la data la kundi: rangi, majike na madume, wanaokamuliwa na wasiokamuliwa, kisha atunge maswali manne ambayo wenzake watayajibu kutokana na jedwali lake. Ila kundi hilo alitunge yeye. Usimwombe idadi ya mifugo ya baba yake, kwa kuwa wazee wengi wa wafugaji hawapendi mali yao ihesabiwe hadharani, na hutaki ugomvi nyumbani kwa sababu ya somo la hesabu. Akimaliza, ana beji ya kweli. Akiondoka tena na mifugo, aondoke nayo mfukoni, na atakaporudi aendelee pale alipoachia, bila mtu wa kumlinganisha naye.

Kuhusu mwalimu mkuu, usimwendee kwa kubishana. Nenda na mtaala mkononi. Katika umilisi saba wa mtaala wetu, mmojawapo ni wa mtoto kujifunza namna ya kujifunza. Tathmini nayo ina viwango vinne, kuanzia kuzidisha matarajio hadi mbali na matarajio, na kila mtoto anapimwa kwa kazi, hapimwi kwa nafasi aliyoshika mbele ya jirani yake. Jedwali la washindi linakwenda kinyume na hayo. Kalamu anazotaka kuzinunua zinunuliwe, tena Mungu ambariki, lakini zigawiwe kwa wote. Mwombe muhula mmoja, na mwisho wake mwalike darasani asikilize zile sauti mbili mbili.

Msichana wa hadithi usimpe beji ya kusoma. Ana kitu ambacho beji zote zinajaribu kukileta, na ukianza kumlipa unaweza kukiharibu. Anachohitaji ni hadithi zaidi. Tovuti ya African Storybook ina hadithi za bure kwa lugha nyingi, Ng'aturkana na Kiswahili zikiwemo. Mtu wako wa kwanza atakayeshuka mjini Lodwar, mpe kishikwambi kimoja azipakue penye mtandao mzuri. Kabla hajaondoka, muulize msichana anataka hadithi za nini.