Kupima Kina kwa Mwanga



Ng'ombe wako amepotea. Kando ya Ziwa Singidani umeona alama ya kwato kwenye tope. Unataka kujua kina chake. Ukitia kijiti, tope linabomoka na alama inaharibika. Utapimaje bila kugusa? Mwanga unaweza kukusaidia.

Fanya jaribio hili usiku.

1. Weka tochi mezani, imulike ukuta.
2. Simamisha daftari kati ya tochi na ukuta. Liwe mita 1 kutoka kwenye tochi na sentimita 10 kutoka ukutani.
3. Tazama ukingo wa kivuli. Utauona vizuri, lakini una ukungu mwembamba. Pima upana wa ukungu huo kwa rula, uandike.
4. Rudisha nyuma tochi na daftari kwa pamoja. Daftari liwe sentimita 20 kutoka ukutani, kisha 30. Pima na uandike kila mara.

Utaona kuwa ukuta ukiwa mbali zaidi, ukungu unapanuka. Kwa nini? Mwanga wa tochi hautoki mahali pamoja padogo kama ncha ya sindano. Penye ukungu, daftari limeziba sehemu tu ya mwanga huo.

Sasa mwambie mwenzako abadilishe umbali bila wewe kuona. Pima ukungu, kisha soma ulichoandika. Utakadiria umbali bila kupima kwa kamba.

Wataalamu wana mashine inayofuata wazo hilo. Humulika mistari ya mwanga juu ya kitu kwa kutumia lenzi. Mistari huonekana wazi kwenye umbali mmoja, na hufifia penye kina zaidi. Kamera hupiga picha. Kompyuta hupima ufifiaji wa kila mahali, na hivyo hupata umbo lote.

Kupima bila kugusa kuna faida kubwa. Mwaka 1978, huko Laetoli, mkoani Arusha, kundi la Mary Leakey liligundua nyayo zilizoachwa na viumbe waliotembea kwa miguu miwili miaka zaidi ya milioni 3.6 iliyopita. Nyayo hizo zimo katika majivu ya volkano yaliyoganda. Mwaka 2016 ilitangazwa kuwa nyingine zimepatikana huko. Hizo zilipimwa kwa njia nyingine ya mwanga: picha nyingi zilizopigwa kutoka pande mbalimbali. Unyayo ukibomoka, hautapatikana mwingine kama huo.

Maswali

1. Kwa nini kijiti hakifai kupimia alama kwenye tope?
2. Ukungu wa kivuli ulikuwa na upana gani kwenye sentimita 10, 20 na 30?
3. Taja kitu kingine kijijini kwako kinachofaa kupimwa bila kuguswa.