Umri wa Gari Lisilotembea: Kemia na Fizikia ya Kununua Gari la Kimarekani la Miaka ya 1970

Katika miaka ya 1970 viwanda vya magari vya Marekani vilitengeneza kwa wingi aina moja ya gari ambayo leo haitengenezwi tena: gari la fahari la milango miwili, lenye boneti ndefu, viti laini na, mara nyingi, paa lililovikwa vinili. Miongoni mwake ni Chevrolet Monte Carlo, Oldsmobile Cutlass Supreme, Buick Regal, Pontiac Grand Prix na Chrysler Cordoba. Wamarekani waliyahesabu kuwa magari ya ukubwa wa kati. Monte Carlo ya mwaka 1976, hata hivyo, ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 5.3 na uzito unaokaribia kilo 1,800, na msomaji aliyezoea magari madogo ya Kijapani atajiuliza ni gari gani basi lililoitwa kubwa. Yalipendwa sana, mwaka 1976 jina la Cutlass ndilo lililoongoza kwa mauzo ya magari nchini humo.

Leo wapenzi wa magari ya kale huko Marekani huyatafuta yale yaliyosalia, na tangazo la kuuza gari la namna hiyo halikosi maneno mawili: kwamba limetembea maili chache, na kwamba limehifadhiwa vizuri. Kwa maneno hayo mawili bei hupanda sana. Makala haya yanakusudia kuyachunguza kwa macho ya sayansi, kwa kuwa gari lililofungiwa bandani kwa karibu miaka hamsini ni jaribio la kemia lililoachwa likiendelea bila msimamizi, na anayelinunua hununua pia matokeo ya jaribio hilo.

Maili na ushahidi wake

Mashine huzeeka kwa njia mbili. Ya kwanza ni msuguano, ambao hutegemea umbali uliotembewa. Ya pili ni mimenyuko ya kikemia, ambayo hutegemea muda, joto, unyevu na mwanga, wala haijali kama magurudumu yanazunguka au yamesimama. Mita ya maili hupima ile ya kwanza peke yake, tena kwa shida. Mita nyingi za magari hayo zilikuwa na tarakimu tano za maili nzima, hivyo baada ya maili 99,999 hurudi kwenye sifuri. Gari linalosomeka maili 31,000 huenda likawa limetembea 131,000. Isitoshe, udanganyifu wa kurudisha mita nyuma ulikuwa umeenea kiasi cha kuilazimu serikali ya Marekani kuupiga marufuku kwa sheria mwaka 1972.

Kwa hiyo mnunuzi atafute ushahidi mwingine. Mpira wa pedali ya breki ulioliwa upande mmoja hausemi maili elfu thelathini. Ushahidi ulio bora zaidi umo mlangoni. Mlango wa gari la milango miwili una urefu wa zaidi ya mita moja na ni mzito. Uzito wake hufanya kazi mbali na bawaba, na wanafunzi wa kidato cha pili wanajua kwamba momenti ni zao la kani na umbali wake kutoka kwenye egemeo. Kila mlango unapofunguliwa, momenti hiyo huzisaga pini za bawaba. Fungua mlango wa dereva, ushike ukingo wake wa mwisho, uunyanyue taratibu. Ukicheza juu na chini, mlango huo umefunguliwa mara nyingi sana, hata mita iseme nini. Linganisha na mlango wa abiria.

Kutu

Kutu ya chuma ni kazi ya umeme mdogo. Penye tone la maji juu ya bati, sehemu moja huwa anodi, na chuma huyeyuka hapo kwa kuacha elektroni:

Fe → Fe²⁺ + 2e⁻

Sehemu ya jirani huwa kathodi, ambapo oksijeni na maji huzipokea elektroni hizo:

O₂ + 2H₂O + 4e⁻ → 4OH⁻

Mkondo huo hauwezi kupita bila njia ya ayoni ndani ya maji, na chumvi huifungua njia hiyo. Hapa ndipo jiografia ya Marekani inapoingia katika bei ya gari. Katika majimbo yanayopakana na Maziwa Makuu ya huko, kama Michigan na Ohio, barabara humwagiwa chumvi kila majira ya baridi ili kushusha kiwango cha kuganda cha maji na kuyeyusha barafu. Mwandishi aliyasoma masomo yake ya juu katika sehemu hizo, na aliona milango ya magari ya miaka sita ikiwa na matundu ya kupitisha kidole. Wasomaji wa Tanga na Mombasa, ambao wanayajua mabati ya pwani, hawatahitaji kushawishiwa.

Pamoja na chumvi ya kawaida hutumika kloridi ya kalsiamu, nayo ina tabia ya kuvuta mvuke wa maji kutoka hewani hata unyevunyevu wa hewa ukiwa theluthi moja tu. Matope yenye kloridi hiyo yakiganda ndani ya chasisi, hubaki na unyevu hata gari likiwa limeingizwa bandani na mvua haioni. Na banda likipashwa moto, kama wafanyavyo wenye uwezo wakidhani wanalitunza gari, mmenyuko huongezeka kasi. Gari lililorudi na chumvi likawekwa penye joto huoza upesi kuliko lililoachwa nje kwenye baridi kali.

Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa. Ndiyo sababu rangi huvimba kabla ya kupasuka. Ukiona malengelenge chini ya vinili ya paa, hasa karibu na kioo cha nyuma, ujue maji yalipenya kwenye mishono yakakosa pa kutokea. Kutoka hapo huteremka mpaka kwenye sakafu ya buti. Inua zulia la buti ulitazame bati kwa tochi. Kisha lala chini uichunguze chasisi sehemu za nyuma ya gari, kwani katika Chevrolet, Pontiac, Oldsmobile na Buick za ukubwa huu chasisi ni fremu ya peke yake iliyobeba bodi, na ikioza kutoka ndani bodi inaweza kung'aa bila kuonyesha lolote.

Muuzaji mjanja huziba matundu kwa puti ya plastiki na kupaka rangi juu. Dawa yake ni sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Nguvu ya sumaku hupungua haraka sana umbali unapoongezeka: rangi ya kiwandani, ambayo unene wake ni kama sehemu ya kumi ya milimita, haiizuii kushika, lakini puti ya milimita tatu huifanya iteleze. Mwalimu anaweza kulionyesha jambo hili darasani kwa kuweka karatasi moja, kumi, kisha thelathini kati ya sumaku na kipande cha bati. Kwa kutu yenyewe, misumari mitatu yatosha: mmoja katika maji yaliyochemshwa na kufunikwa kwa mafuta, wa pili katika maji matupu, wa tatu katika maji ya chumvi.

Basi, je, tununue gari la Arizona, ambako ni jangwa? Mabati yake huwa mazima kwelikweli. Lakini mwale wa jua wa zambarau-pita huvunja minyororo ya molekuli za plastiki, na dashibodi za huko hupasuka kama tope la ziwa lililokauka. Mimi ningechagua dashibodi iliyopasuka: hiyo hubadilishwa kwa siku moja.

Mpira, plastiki na mafuta

Mpira wa tairi na wa mabomba una viungo maradufu kati ya atomi za kaboni, na ozoni iliyomo hewani huvishambulia. Nyufa ndogo ubavuni mwa tairi ni alama zake. Kina cha kashata hakisemi kitu kuhusu umri. Tazama tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyo ubavuni, utaratibu ulioanza mwaka 2000. Namba 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi yenye tarakimu tatu ni ya karne iliyopita, na haifai kwa safari yoyote.

Vipande laini vya plastiki vilivyo kati ya bampa na bodi vilitokana na kanuni ya mwaka 1973, iliyotaka bampa ya mbele istahimili mgongano wa maili 5 kwa saa. Vingi vimekwisha kuwa unga. Visikutishe. Kinachostahili kuogopwa zaidi ni bomba la petroli lenye ufa juu ya injini ya moto. Petroli nyingi ya Marekani leo ina ethanoli hadi asilimia 10, na mabomba ya miaka ya 1970 hayakuundwa kwa ajili yake. Petroli iliyokaa miaka mingi nayo huungana na oksijeni ikawa gundi, ikaziba vitundu vya kabureta.

Kuhusu injini, fundi apime mgandamizo wa silinda zote nane. Namba zenyewe si muhimu kama uwiano wake: iliyo ndogo kabisa isipungue robo tatu ya iliyo kubwa kabisa. Wala mnunuzi asidhani injini imeharibika kwa kuona nguvu ndogo vitabuni. Injini ya Chevrolet ya lita 5.7, yenye kabureta ya koo mbili, iliandikwa nguvu za farasi 245 mwaka 1971 na 165 mwaka 1972. Kilichobadilika ni kipimo: awali injini ilipimwa ikiwa tupu, baadaye ikapimwa ikiwa na ekzosi, feni na vifaa vyake vyote.

Breki

Sehemu hii yahusu uhai. Mafuta ya breki ya aina ya glikoli hunyonya maji kupitia mipira na vifuniko. Kiwango cha DOT 3 chadai yachemke kwa nyuzi 205 za Selsiasi au zaidi yakiwa makavu. Yakiwa na maji kidogo chini ya asilimia nne, kiwango hicho huruhusiwa kushuka hadi nyuzi 140. Katika mteremko mrefu breki hupata joto la kuyachemsha. Kimiminika hakibanwi, mvuke hubanwa. Hivyo pedali huzama na gari la kilo 1,800 huendelea na safari yake. Maji hayohayo hutia kutu ndani ya silinda za magurudumu, na vishimo vya kutu huikata mipira inayozuia mafuta.

Kwa hiyo kabla ya kuliendesha, hata kama limeng'arishwa likawa kioo, keti ndani likiwa limesimama, ukanyage pedali kwa nguvu na uishikilie hivyo kwa dakika nzima. Mtu mwingine atazame mabomba ya chuma chini ya gari na sehemu ya ndani ya kila gurudumu. Pedali ikishuka polepole, au tone moja likionekana, gari libebwe juu ya lori mpaka kwa fundi, ijapokuwa muuzaji atasema gereji iko umbali wa maili mbili tu.